Waliochonga Mlima Hawana Majina: Siku Yetu Kisiwani Elephanta

Leo siyo ubuyu wa mastaa. Leo nawaletea ubuyu wa miaka 1,400 na ushee. Kama kawaida yetu hapa, majina ya wahusika hatuyataji. Tofauti ya leo ni kwamba hata tukitaka kuyataja, hayapo.

Tuanze mwanzo. Nilikuwa Mumbai, India, nimemsindikiza shangazi yangu kwa matibabu. Mnazijua hizi safari: rufaa, viza, mchango wa ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp, halafu mtu mmoja anachaguliwa kwenda na mgonjwa kwa sababu "wewe ndiye huna mtoto". Huyo mmoja nilikuwa mimi. Vipimo vilikwisha, upasuaji ukapangwa Alhamisi, na daktari akasema kabla ya hapo mgonjwa atoke kidogo, asikae chumbani anawaza.

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, hizi kuta zimeshanichosha. Nipeleke nikaione bahari."

Nikaingia mtandaoni, nikakuta safari ya siku moja yenye muongozaji: boti, kisiwa, mahekalu ya kale ya Kihindu yaliyochongwa ndani ya mwamba. Nilitaka twende Jumatatu, nikaambiwa Jumatatu mapango hufungwa. Tukaenda Jumanne.

Nikamuuliza kama hana shida kuingia kwenye hekalu, maana Shangazi ni mtu wa swala tano na hana mchezo. Akaniangalia kama mtoto mdogo. "Kwani naenda kuabudu? Naenda kuangalia kazi ya fundi."

Hilo neno lishikeni, tutarudi nalo.

Tunatoka Gateway of India

Boti zinaondokea kwenye lile lango kubwa la mawe mnaloliona kwenye picha zote za Mumbai. Lilijengwa kukumbuka ujio wa mfalme wa Uingereza, George wa Tano, mwaka 1911, na likakamilika mwaka 1924. Ila historia nayo ina utani wake: mwaka 1948, baada ya India kupata uhuru, kikosi cha mwisho cha jeshi la Waingereza kiliagwa hapo hapo. Lango la kumkaribisha mfalme likawa lango la kuwasindikiza askari wake.

Kutoka hapo ni kama saa moja majini, kilomita 10 hivi. Unapita meli za mafuta, unapita meli za kivita, na majengo marefu ya Mumbai yanazidi kufifia kwenye ukungu nyuma yako. Shangazi alikaa pembeni ya boti, mtandio unapepea, mara ya kwanza wiki ile nzima namwona anatabasamu.

Muongozaji wetu alikuwa mzee mmoja mpole, Kiingereza chake cha polepole. Akatuambia jina la Elephanta siyo jina la kisiwa. Wenyeji wanakiita Gharapuri, na tafsiri inayotolewa mara nyingi ni "mji wa mapango". Elephanta ni jina walilotia Wareno, kwa sababu waliposhuka walikuta tembo mkubwa wa jiwe jeusi amesimama karibu na ufukwe.

"Na huyo tembo yuko wapi?" Shangazi akauliza.

Mzee akacheka. "Mama, tembo alihama."

Kumbe ni kweli. Mwaka 1864 Waingereza walitaka kumbeba wampeleke kwao. Mnyororo wa winchi ukakatika, tembo akaanguka, akavunjika vipandevipande. Baadaye akaunganishwa, na sasa yuko Mumbai mjini, kwenye bustani ya Jijamata Udyaan. Kwa hiyo mnaenda kisiwa cha tembo, tembo hayupo, na jina halisi la kisiwa wageni wengi hawalijui. Hapo hata hatujashuka kwenye boti.

Wabebaji wanne

Kwenye gati kuna kitreni kidogo cha kuwafikisha wageni mwanzo wa ngazi. Ngazi zenyewe ni kama 120, na pande zote ni mabanda ya biashara: shanga, sanamu ndogo, kofia, mahindi ya kuchoma yaliyopakwa pilipili na ndimu. Ukifumba macho unaweza kudhani uko Forodhani. Tumbili nao wapo, na hawana haya. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa chupa ya soda mchana kweupe.

Kwa hali ya Shangazi, ngazi 120 zilikuwa mtihani. Ila kuna watu pale kazi yao ni kubeba wasioweza kupanda: kiti kimefungwa kwenye miti miwili, wabebaji wanne, mnakubaliana bei. Shangazi alikataa, nikabembeleza, akakubali kwa sharti moja.

Sasa mjue kwamba Shangazi ni mtoto wa zama za sinema za Kihindi. Kihindi chake chote kimetoka kwenye filamu, nusu yake ni maneno ya mapenzi. Akawaangalia wale wanaume wanne, akauliza mmoja mmoja: "Aap ka naam kya hai?" Jina lako nani?

Walicheka sana. Mmoja akamjibu kwa heshima, mikono ameikutanisha kifuani. Akayaandika yote manne kwenye kile kidaftari chake anachoandikia saa za dawa, ndipo akapanda kitini. Mimi nyuma na pochi yake, najisikia aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshapatana nao bei na kulipa bila kumuuliza hata mmoja anaitwa nani.

Ndani ya mwamba

Nisiwadanganye, picha haziitendei haki ile sehemu. Unatoka kwenye jua kali unaingia kwenye ukumbi mkubwa wenye kiza cha ubaridi, karibu mita 39 kutoka mlango wa mbele mpaka ukuta wa nyuma. Nguzo nene, vichwa vyake vya mviringo kama mito iliyokaliwa, zimepangana safu kwa safu. Akili inakuambia watu walijenga. Hapana. Hakuna tofali hapa wala chokaa. Kisiwa hiki ni mwamba mweusi uliotokana na volkano, na mafundi waliingia ndani ya kilima wakawa wanaondoa jiwe. Kila nguzo unayoiona ni sehemu ya mlima walioamua kuiacha.

Fikiria hiyo kazi. Ukijenga ukuta ukakosea, unabomoa unaanza upya. Hapa ukikata jiwe lisilotakiwa kukatwa, limekwenda. Huwezi kulirudisha.

Katikati ya ukuta wa nyuma ndipo alipo mwenyewe, Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, kwa sura wanayoiita Sadashiva. Ni kichwa na mabega tu, lakini kinapita mita 5 kwenda juu, na kina nyuso tatu. Wa katikati umefumba macho, umetulia kabisa. Wa kushoto kwako una hasira, una sharubu, na ana nyoka. Wa kulia ni laini, wa kike, na ua la yungiyungi mkononi. Muongozaji alieleza kwa kifupi: kuharibu, kuhifadhi na kuumba, vyote kwenye mwili mmoja.

Pembeni yake kuna sanamu iliyomfanya kila mtu kwenye kundi anyamaze. Ni Shiva aliye nusu mwanamume, nusu mwanamke, mstari umepita katikati ya mwili: nyonga upande huu, bega pana upande ule. Kwingine kuna harusi yake na Parvati. Kwingine kuna Ravana, mfalme wa mashetani, anautikisa mlima ambao Shiva ameketi juu yake. Yaani kuta zote zinasimulia, kama sinema iliyosimamishwa.

Shangazi alikaa kwenye kiti chake mbele ya zile nyuso tatu kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali lake.

"Fundi alikuwa nani?"

"Hajulikani, mama," muongozaji akajibu.

"Na tajiri mwenye kazi?"

"Naye hatuna hakika."

"Watu wamefanya yote haya, halafu hakuna aliyeandika?"

Mzee akashusha sauti. "Waliandika, mama. Jiwe liliondoka."

Jiwe lilikwenda wapi?

Hapa ndipo ubuyu wenyewe ulipo, na niliporudi hotelini nilisoma mpaka usiku wa manane.

Wareno walikichukua kisiwa hiki mwaka 1534, pamoja na eneo zima la Bombay, kutoka kwa Sultani Bahadur wa Gujarat. Mwandishi wao mmoja, Diogo do Couto, ameandika kwamba hekaluni palikuwa na jiwe lenye maandishi. Wareno waliling'oa, wakalipeleka Ureno kwa mfalme wao, João wa Tatu, naye akahangaika kutafuta mtu wa kulisoma, asipatikane. Baada ya hapo jiwe likapotea. Halijaonekana mpaka leo.

Inawezekana kabisa jiwe lile lilisema nani alitoa fedha na mwaka gani. Pengine lilitaja na msimamizi wa kazi. Lilipokwenda, likaenda na majibu yote.

Kwa hiyo wanahistoria wanafanya kazi ya upelelezi. Wengi wanalikadiria hekalu kubwa kuwa la katikati ya karne ya 6, yaani karibu na miaka aliyozaliwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Anayetajwa sana kuwa mwenye kazi ni mfalme Krishnaraja wa ukoo wa Kalachuri. Ushahidi mmojawapo ni sarafu zake zilizookotwa kisiwani. Siyo dhahabu wala hazina. Ni sarafu za shaba za thamani ndogo. Na wapo wanaosema hizo zilikuwa malipo ya mafundi.

Hebu kaa na hilo kidogo. Uso ule mtulivu ulichongwa na mtu mwenye mikono, mwenye mkewe, pengine mwenye madeni. Jina lake hatunalo. Ila chenji ya mshahara, inawezekana tunayo.

Jina likipotea, sifa inahama

Kitu kisipokuwa na mwenyewe, watu humtafutia. Kisiwani zamani ilisimuliwa kwamba mapango haya siyo kazi ya binadamu wa kawaida, ni ya mashujaa au majitu ya kwenye hadithi za kale. Wazungu wa mwanzo kufika nao wakaja na zao: eti ni Aleksanda Mkuu, wengine eti ni Wamisri. Yeyote yule, ilimradi asiwe babu wa yule mvuvi waliyemkuta pale pale ufukweni.

Sisi Waafrika wimbo huu tunaujua. Great Zimbabwe iliwahi kupewa Wafoinike, ikapewa na Malkia wa Sheba, kwa miaka mingi, kabla ya wachimbaji wa mambo ya kale kuonyesha wazi kwamba waliojenga ni Waafrika wa pale pale. Ukishamnyima fundi jina lake, kumpa mtu mwingine kazi yake ni rahisi sana.

Kuna na majeraha ya mwili. Sanamu nyingi za Elephanta hazina miguu, mikono imekatika, nyuso zimemeguka. Inasimuliwa kwamba askari wa Kireno walizifanya shabaha za bunduki. Mengine ni kazi ya maji, chumvi na miaka ya kutelekezwa. Leo ni urithi wa dunia chini ya UNESCO, tangu mwaka 1987, na walinzi wapo. Ila mguu uliokatika hauoti tena.

Kilwa imeingiaje hapa?

Nawaona mnaosema "sawa, lakini hiyo ni India". Subirini.

Wareno hawa ndio hao hao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, akiwa njiani kwenda kuwa mtawala wa kwanza wa Kireno kule India, alipita Kilwa na kuiteka, akapita Mombasa na kuichoma moto. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa msanifu wao mkuu huku Mashariki, makao yake Goa. Bahari ilikuwa moja, na mabosi walikuwa wale wale.

Sasa sikilizeni hili. Mreno aitwaye João de Barros aliandika historia kubwa ya nchi yake huku Asia, na sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1552. Humo ndani aliweka habari za wafalme wa Kilwa, alizozipata kwenye tarihi ya Waswahili wenyewe. Ndiyo maana leo mtoto wa shule anaweza kusoma kuhusu Ali bin al-Hasan. Barros alipofariki, aliyekuja kuiendeleza historia hiyo ni nani? Ni Diogo do Couto, yule yule aliyeandika habari za jiwe la Elephanta.

Kazi moja, waandishi wawili. Kilwa iliporwa, lakini majina ya wafalme yakabaki kwa sababu kuna Mswahili aliyeyaandika, na mgeni aliyeyanakili. Elephanta sanamu zilibaki, majina yakaenda. Na hata Kilwa tusijisifu sana: tuna majina ya masultani. Aliyechonga ile mihrabu ya msikiti, yeye anaitwa nani?

Babu

Hili swali Shangazi hakulitoa hewani. Baba yake, babu yangu mimi, alikuwa fundi wa milango Unguja. Mmeiona milango ya Mji Mkongwe, hiyo mnayosimama mbele yake kupiga picha za Eid. Ile yenye upinde juu ina mkono wa Kihindi, na misumari ile ya shaba inasemekana kule India ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita. Babu alichonga mipya na kukarabati ya zamani. Kwenye kadi za posta milango ipo. Mafundi, hata mmoja hayupo.

Tukiwa tunarudi kwenye boti, jua linazama nyuma ya Mumbai, Shangazi akaniambia taratibu, "Milango ya baba naijua minne. Nikiondoka mimi, hakuna wa kuionyesha."

Nikamwambia, "Shangazi, usiseme hivyo."

"Sisemi kwa huzuni. Nakupa kazi."

Nyuma yetu kisiwa kilikuwa kinaingia giza, na taa chache zikaanza kuonekana. Muongozaji akatuambia taa zile zina umri mdogo. Kisiwani kuna vijiji vitatu na watu elfu moja na kitu, ndio hao wauza mahindi na wabeba viti. Miaka yote watalii wanakuja na kuondoka, wao usiku walitegemea jenereta kwa saa chache. Umeme wa kudumu umefika mwaka 2018, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari. Kilomita 10 tu kutoka jiji linalong'aa vile. Na mimi siku nzima nilipiga picha 212 za mawe, hata moja ya hao watu sikupiga.

Tulivyorudi

Upasuaji Alhamisi ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Miezi miwili baadaye, Shangazi alipopata nguvu, tulipanda boti nyingine, hii ya Dar kwenda Unguja. Tukaingia vichochoroni na kile kidaftari chake.

Mlango wa kwanza tuliukuta, umepakwa rangi ya kahawia ya ovyo. Wa pili upo, sasa ni wa hoteli, na Shangazi alipitisha kidole kwenye maua yaliyochongwa akaonyesha mahali ambapo patasi ya baba yake iliteleza. Wa tatu tuliupata kwa kuulizauliza. Wa nne haupo. Pana geti la chuma, na kijana aliyekuwa dukani hakuwahi hata kusikia kwamba palikuwa na mlango.

Nimeipiga picha ile mitatu. Jina la babu sitaliweka hapa, mnajua utaratibu wetu. Ila nimeliandika nyuma ya kila picha, pamoja na mtaa, na nakala moja nimempa mwenye hoteli. Akaniahidi ataibandika ukutani karibu na mlango. Nitapita mwezi ujao kuangalia kama kweli kaibandika.

Mkienda Mumbai, nendeni Elephanta. Msiende Jumatatu, na soda mfiche tumbili wasiione. Mkipandishwa kwa kiti, ulizeni majina.

Haya, na ninyi niambieni hapo chini: kwenu kuna kitu gani ambacho kila mtu anakipiga picha na hakuna anayemjua aliyekitengeneza? Kama bibi au babu yako bado yupo, mpigie leo hii umuulize. Kesho asipokuwepo, hilo swali hakuna wa kukujibu.